Twiga wa Kreta

Dereva yeyote anayepeleka wageni Ngorongoro, hata awe na wiki mbili tu kazini, anajua kwamba ndani ya Kreta hakuna twiga. Kuna simba, kuna nyati, kuna tembo madume wenye pembe ndefu, na ukibahatika utamwona faru. Twiga hakuna. Kuta zile zenye kimo cha mita kama 600 hazimfai, na malisho ya kule chini nayo, wanasema wajuzi, si ya kumvuta. Anayemtaka twiga atamkuta huko juu, njiani kuelekea Oldupai.

Msimu uliopita familia moja ya watu wanne kutoka Ufaransa iliteremka Kreta kwa barabara ya Seneto ikiwa na ratiba yake mkononi. Ratiba hiyo ilitoka katika kampuni moja ndogo ya utalii hapa Karatu mjini, ambayo jina lake naomba nilihifadhi, nayo iliwaahidi twiga. Ndani ya gari alikuwamo mtoto wa miaka 7 ambaye alikuwa akiwasubiri twiga hao tangu kwao. Dereva alinisimulia kwamba kila waliposimama kutazama simba, mtoto aliuliza twiga wako wapi. Jioni wakapanda kwa njia ya Lerai bila kumwona hata mmoja, na baba mtu akataka aambiwe ni nani aliyeandika ratiba ile.

Aliyeiandika hakuwa mtu. Ilikuwa ni ile programu ya kompyuta inayojibu maswali kama binadamu, wanayoiita akili mnemba. Wengine huiita akili bandia, wengine akili unde. Wenye lugha watakapopatana watatuarifu. Programu hizi zilianza kuvuma duniani baada ya ChatGPT kutolewa Novemba 2022, na leo ziko katika simu za vijana wetu kuanzia Njiapanda hadi Mang'ola kwenye mashamba ya vitunguu.

Aliyeituma kazi hiyo ni binti wa kitengo cha buking. Sitaki mumhukumu haraka. Binti yule hajui Kifaransa. Zamani barua ya Kifaransa ikiingia ilipelekwa kwa mtu mmoja Arusha, ikarudi baada ya siku mbili, na mteja alikuwa keshakwenda kwingine. Tangu binti agundue programu ile, anajibu ndani ya nusu saa, na wageni wa Ufaransa wameongezeka. Mwenye kampuni aliyaona matunda hayo, akamsifu mbele ya wenzake, wala hakuuliza mti wenyewe umepandwa wapi.

Ratiba ile ilikuwa na dosari ya pili, na hiyo ndiyo iliyouma. Ada za kuingia hifadhini hubadilika, na programu ilikuwa imeweka viwango vya zamani. Wageni walikwisha kulipa bei waliyokubaliana. Tofauti ikaiangukia kampuni, na mwenye kampuni akatamka kwamba itakatwa katika mshahara wa binti, yote, mwezi huo huo.

Hapo ndipo binti alipokuja kwangu, si kama mwandishi, bali kama jirani. Nikamweleza ninachokijua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu mwajiri kujikatia tu. Hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi, mwajiri aeleze kwa maandishi chanzo chake na hesabu yake, na mfanyakazi apewe nafasi ya kuipinga. Hata yakithibitika yote hayo, makato hayapaswi kuzidi robo ya mshahara. Lakini swali lililonikaa kichwani ni hili la kosa. Je, ni kosa la nani, pale ambapo kila mtu ofisini alijua jinsi kazi inavyofanyika, isipokuwa bosi aliyechagua kutojua?

Nasema hivyo nikiwa na aibu yangu mwenyewe. Mwaka jana nilisoma hewani habari fupi iliyoandikwa na kijana wetu mmoja wa chumba cha habari. Ilikuwa imenyooka, Kiswahili safi, nami nikaisoma kwa sauti ya kujiamini: Karatu, mkoani Manyara. Sijamaliza taarifa, simu zimekwisha kuanza kulia. Mzee mmoja wa Endabash aliniuliza kama nimehamishwa mkoa usiku. Kweli Ziwa Manyara liko hapo jirani, na Mbulu, tuliyozaliwa kwayo kama wilaya, ilikwenda Mkoa wa Manyara ulipoanzishwa mwaka 2002. Karatu ilibaki Arusha. Programu ilichanganya, kijana hakuhakiki, na mimi niliyekuwa mkuu wa zamu nilisoma nilichopewa.

Nilitaka kupiga marufuku siku ile ile. Nikaanza kuulizauliza, nikakuta karibu wote wanaitumia, ila kwa siri, simu zikiwa chini ya meza. Nami, ikiwa leo ni siku ya kuungama, nilikuwa nimeitumia kuandika barua ya kuomba udhamini wa kipindi. Ningemfukuza nani?

Marufuku imejaribiwa na wakubwa. Samsung ya Korea Kusini iliwakataza wafanyakazi wake mwaka 2023, baada ya baadhi yao kuingiza siri za kampuni katika programu hizo. Samsung inaweza kujitengenezea ya kwake. Kampuni ya Karatu yenye magari matatu ikikataza, itakachopata ni watumishi wanaojificha zaidi.

Wala mwenye kampuni asidhani atajitoa kwa kusema ni mashine iliyokosea. Shirika la ndege la Air Canada lilijaribu hilo. Mashine ya mazungumzo katika tovuti yake ilimpa abiria aliyefiwa na bibi yake maelezo yasiyo sahihi kuhusu nafuu ya nauli. Shirika likadai kwamba mashine ile ijibu yenyewe kwa maneno yake. Baraza la usuluhishi la jimbo la British Columbia lilikataa Februari 2024, na shirika likaamriwa kumlipa abiria.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hapa mjini hawalitazami. Watu wa buking hupokea nakala za pasipoti, wakati mwingine na habari za afya: huyu ana kisukari, yule ana presha. Nimeona kwa macho yangu ukurasa wa pasipoti ukiingizwa katika programu ili tu majina yapangwe vizuri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inagusa pia taarifa zinazosafirishwa nje ya nchi. Programu hizi nyingi makao yake yako nje. Aliyeaminiwa pasipoti ile ni kampuni, na mgeni hakuulizwa.

Basi nilimshauri binti asiende peke yake kwa bosi. Walikwenda watano. Mwenye kampuni, ambaye ni mtu wa hasira lakini si mtu mbaya, aliwataka waseme bila kuogopa kila mmoja anaitumia kwa kazi gani. Mhasibu alisema kukagua hesabu. Mpishi wa kambi, orodha za vyakula. Dereva mmoja alisema majina ya ndege kwa Kijerumani. Mzee alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza kama kuna yeyote asiyeitumia. Mlinzi akanyoosha mkono.

Walichokubaliana kimebandikwa ukutani. Pasipoti na habari za ugonjwa haziingizwi kokote. Ada zinachukuliwa kwa Mamlaka siku ile ile ya kuandika bei. Na kila ratiba, kabla haijatumwa kwa mgeni, inasomwa na dereva anayeijua njia, kisha inatiwa saini na mwenye kampuni mwenyewe. Hili la dereva ndilo ninalolipenda kuliko yote, maana linamrudishia heshima mtu ambaye maarifa yake yalikuwa hayaulizwi mpaka gari likwame. Lakini halijakaa sawa. Madereva wanasema kusoma ratiba ni kazi, na kazi ina malipo. Mzee anasema ni dakika kumi tu. Mimi niko upande wa madereva.

Nilipita pale wiki iliyopita. Binti yuko mezani pake, anajibu barua za Kifaransa. Makato yamesimamishwa, hayajafutwa, na barua ya maelezo ambayo sheria inaitaka hajaandikiwa. Amenionyesha ratiba mpya ya siku sita. Kwenye siku ya Kreta dereva amekata mstari mmoja kwa kalamu nyekundu, akaandika pembeni: viboko, si twiga.

Kwa leo naishia hapo.