Matunda Peke Yake Asubuhi: Je, Mwili wa Mtoto Unazoea?

Mazungumzo na wamama siku ya kupima watoto

Walio nyuma wakaribie kidogo. Mwenye mtoto anayelia amnyonyeshe tu hapa hapa, haitatusumbua.

Leo tutazungumza juu ya chakula cha asubuhi. Tunapopima watoto tunauliza kila mama: "Leo mtoto amekula nini mbele ya kuja hapa?" Wengi wanajibu: "Ndizi." Wengine: "Papai." Wakati wa maembe wanajibu: "Embe tu." Tukiuliza kama alipata kitu kingine, mama anacheka na kusema: "Hapana, huyu amekwisha kuzoea. Ninamupa ndizi mbili, ananyamaza mupaka nitoke ku shamba."

Neno hili, "amekwisha kuzoea", ndilo tunataka kulichunguza leo. Je, ni kweli mwili unazoea matunda peke yake asubuhi? Na kama unazoea, unazoea namna gani?

1. Matunda ni chakula chema

Mama asirudi nyumbani kusema ya kwamba wauguzi wamekataza matunda. Hapana. Ndizi mbivu, papai, embe, nanasi, chungwa, pera na marakuja ni vyakula vya kulinda mwili. Papai na embe zinasaidia macho kuona vizuri wakati wa giza. Chungwa na pera zinalinda fizi na kusaidia vidonda kupona. Matunda yanalainisha choo. Mtoto anayekula tunda kila siku ana baraka. Shida inaanza na neno "peke yake".

2. Ndani ya tunda kuna nini?

Mnakumbuka tulisema vyakula ni vya namna tatu: vyakula vya nguvu, kama bugali, viazi na mafuta, vyakula vya kujenga mwili, kama maharagi, karanga, soja, samaki, mayai na nyama, na vyakula vya kulinda mwili, kama matunda na majani.

Twaeni ndizi mbivu yenye gramu 100 bila ganda. Robo tatu zake ni maji. Kuna sukari ya kutia nguvu, lakini sehemu ya kujenga mwili ni kama gramu 1 tu. Papai ndiyo maji zaidi: katika gramu 100, karibu gramu 88 ni maji. Sasa mtoto wa miaka 2 anahitaji kama gramu 13 za kujenga mwili kila siku. Ndizi mbili zimempa 2. Zile nyingine zitatoka wapi, kama chakula kinachofuata ni bugali ya muhogo ya jioni na mchuzi kidogo?

Tena, tumbo la mtoto ni dogo. Mtoto wa kilo 10, tumbo lake linaweza kupokea kama mililita 300 kwa mara moja, ni kusema kikombe kimoja na kidogo juu yake. Tukilijaza papai, tumelijaza maji. Tumbo limejaa, mtoto ananyamaza, lakini mwili wake ungali na njaa.

3. Mwili unafanya nini usiku?

Tunapolala hatuli, lakini moyo unapiga, tunapumua, na ubongo unafanya kazi. Nguvu ya kazi hiyo inatoka wapi? Inatoka katika ini. Jioni, tukikisha kula, ini linaweka akiba ya sukari. Usiku linaitoa kidogo kidogo katika damu. Akiba ile ikikaribia kwisha, mwili unaanza kutumia mafuta yake, na pia unakata sehemu ya nyama yake wenyewe ili kutengeneza sukari.

Mtu mzima ana ini kubwa na akiba kubwa. Mtoto ni tofauti. Mtoto wa miaka 5, ubongo wake umekwisha kukaribia ukubwa wa ubongo wa mtu mzima, na ubongo ule unakula karibu nusu ya nguvu zote za mwili wake. Lakini ini lake ni dogo. Ni kama kupika chungu kikubwa cha maharagi kwa makala kidogo: moto utakwisha mbele ya maharagi kuiva. Kwa hiyo asubuhi mtoto anaamka na akiba ndogo sana kuliko wewe mama yake.

4. Mtu mzima anaweza kuzoea

Mtu mzima mwenye afya akianza kula matunda tu asubuhi, siku za kwanza atasikia tumbo kujaa hewa, pengine choo kitalegea, na mbele ya saa sita njaa itamshika tena. Baada ya siku chache au majuma machache tumbo linatulia. Saa ya njaa nayo inageuka, kwa maana mwili unajifunza saa ambazo chakula kinakuja. Akila vizuri saa sita na jioni, maharagi na majani na samaki, hana hatari kubwa. Mwili wake umekwisha kukomaa, haujengi tena mifupa mipya. Lakini mwenye ugonjwa wa sukari asifanye hivi bila kuuliza munganga.

5. Mtoto hazoei, anapunguza

Fikiri nyumba ambayo mshahara wa baba haukulipwa. Mwezi wa kwanza mnaacha sukari. Mwezi wa pili mnapunguza sabuni. Mwezi wa tatu mtoto mmoja anabaki nyumbani, hamkupata pesa za shule. Mtu akipita njiani anaona nyumba imetulia, moshi unatoka jikoni, hakuna kelele. Je, tutasema nyumba ile imezoea kukosa mshahara? Imepunguza tu.

Mwili wa mtoto unafanya vile vile. Kwanza unapunguza mchezo: mtoto aliyekuwa akikimbia anapenda kukaa. Tena unapunguza kukua: kilo zinasimama, na urefu unasimama pia. Mwisho unapunguza ulinzi: surua ikipita, au kuhara, inamwangusha yeye mbele ya wenzake. Mama anaona mtoto halii tena na kusema amezoea. Lakini mtoto asiyelia kwa njaa anaweza kuwa amechoka kulia.

Mfano: mtoto wa mwaka mmoja na miezi kumi, katika mwezi wa kwanza ana kilo 9. Mwezi wa pili kilo 9. Mwezi wa tatu kilo 9. Mama anafurahi: "Hakupunguka." Lakini katika umri ule kusimama ni kurudi nyuma. Angalieni karatasi ya mtoto: mstari wake unapaswa kupanda. Ukilala, tujue mwili umeanza kupunguza.

Hatari hii inazidi mtoto akiachishwa ziwa kwa sababu mama amepata mimba nyingine. Mwaka 1935 munganga mwanamke, Cicely Williams, aliyefanya kazi katika inchi inayoitwa leo Ghana, aliandika juu ya ugonjwa ambao wenyeji wa kule waliuita kwashiorkor, ni kusema ugonjwa wa mtoto mkubwa wakati mdogo wake amezaliwa. Sisi huku Kivu tunaujua kwa jina la bwaki. Miguu inavimba, nywele zinageuka rangi, ngozi inabambuka, mtoto ana huzuni na hataki kula. Ugonjwa huu unapata hasa watoto wanaoshibishwa vyakula visivyo na vya kujenga mwili.

6. Chakula cha jioni kinasaidia asubuhi

Hapa nitawapeleka mbali kidogo, mpaka India, kwa sababu yaliyotokea kule yanatuonyesha jambo hili wazi. Katika wilaya ya Muzaffarpur watu wanalima tunda linaloitwa litchi. Kwa miaka mingi, wakati wa mavuno, watoto walikuwa wakiamka alfajiri na degedege, na wengi walikufa. Mwaka 2014 watoto 390 waliingizwa katika hospitali mbili za kule, na 122 kati yao walikufa. Watafiti walipopima waliona sukari ya damu imeshuka sana. Wengi walikuwa wamekula litchi mchana, na waliolala bila kula jioni walikuwa katika hatari zaidi. Litchi ina kitu kinachozuia mwili kutengeneza sukari wakati akiba ya ini imekwisha. Wazazi walishauriwa kupunguza litchi na kulisha watoto kila jioni.

Ndizi, embe na papai zetu hazina sumu ile. Msiziogope. Lakini tushike somo: asubuhi ya mtoto inaanzia jioni. Mtoto akisinzia mbele ya bugali kuiva, mwamshe ale. Mtoto asilale njaa, halafu asubuhi apewe tunda tu.

7. Mama mwenye mimba na mama anayenyonyesha

Ninyi pia mnajenga. Mwenye mimba anajenga mtoto, mwenye kunyonyesha anatengeneza maziwa. Msiende shambani na embe moja tumboni. Kuleni kiporo cha maharagi au viazi vitamu na karanga, na tunda juu yake. Chungwa au pera likiliwa pamoja na maharagi au lenga-lenga, linausaidia mwili kupokea kile kinachoongeza damu. Chayi inafanya kinyume, inazuia. Heri kunywa chayi saa moja au zaidi baada ya kula.

Mtoto mwenye miezi chini ya 6 asipewe tunda wala maji ya tunda. Ziwa la mama linamtosha.

8. Tufanye nini basi?

Najua neno mtakalosema: "Mama muuguzi, saa kumi na moja ya asubuhi niko njiani. Makala ni bei. Nani atapika?" Ni neno la kweli. Kwa hiyo hatusemi muondoe tunda, tunasema muliongeze rafiki. Chagueni moja:

a) Ndizi na karanga. Jioni kaanga karanga, uzitwange mpaka zilainike, uzifunike. Asubuhi ponda ndizi mbivu na vijiko viwili vya karanga zile. Moto hauhitajiki. Karanga zenye ukungu au zilizo chungu, zitupeni. Mtoto mdogo asipewe karanga nzima, zinaweza kumkaba.

b) Ndizi na avoka. Nusu ya avoka na ndizi moja, ponda pamoja. Avoka ina mafuta, inatia nguvu, na mafuta yale yanausaidia mwili kupokea vitamini ya papai na embe. Lakini avoka haijengi sana, ongezeni karanga.

c) Kiporo cha maharagi. Kichemshwe tena mpaka kitokote, kipondwe, tunda lifuate.

d) Uji wa masoso. Makopo mawili ya mahindi, kopo moja la sorgo, kopo moja la soja. Soja ikaangwe vizuri mbele ya kusaga, maana soja mbichi inasumbua tumbo, na mwili haupokei nguvu yake. Mwenye sambaza au ndagala kavu atwange na kuongeza kijiko kimoja.

Wenye kuku, yai moja kwa mtoto mara kwa mara ni faida kubwa. Msiuze yote ili kununua biskuti.

Osheni matunda kwa maji safi, osheni na mikono. Tunda lililokatwa njiani na kukaliwa na nzi linaleta kuhara.

9. Mtoto akikataa

Mtoto aliyezoea utamu wa ndizi atatema karanga siku ya kwanza. Msimpige, wala msiseme "hapendi". Mpe vijiko viwili, kesho tena viwili, kesho kutwa vitatu. Watoto wengine wanataka kuonja chakula mara nane au kumi mbele ya kukipokea. Hapa ndipo neno "kuzoea" linatufaa: mwili unaweza kuzoea chakula chema pia. Mtapata shida kwa siku chache, halafu ataanza kukidai mwenyewe.

Mama mkwe akisema, "Sisi tulikua na ndizi tu," mjibuni kwa heshima. Mwombeni aje naye siku ya kupima, tutamwonyesha mstari wa mjukuu wake.

10. Njooni upesi

Msingoje siku ya kupima kama mtoto amevimba miguu, kama hataki kula wala kucheza, au kama ameamka amelegea, anatoka jasho la baridi au ana degedege. Kama ana akili na anaweza kumeza, mpeni maji ya sukari njiani. Kama amezimia, msitie kitu kinywani, mleteni mbio. Na mtoto mwenye miezi 6 mpaka miaka 5, tukipima mkono wake na utepe ukaonyesha chini ya sentimita 11 na nusu, hiyo ni rangi nyekundu. Huyo tunaanza kumtunza siku ile ile.

Maswali ya kuzungumza pamoja:
1. Kwa nini mtoto anayenyamaza baada ya ndizi mbili anaweza kuwa na njaa bado?
2. Nani anaanza asubuhi na akiba kubwa zaidi, mama au mtoto? Kwa sababu gani?
3. Kesho asubuhi, katika nyumba yako, utaongeza nini juu ya tunda?

Swali la tatu, kila mama alijibu hapa mbele yetu wakati mtoto wake anapandishwa kwenye kilo. Tutaandika jibu nyuma ya karatasi ya mtoto, na mwezi ujao tutaliangalia pamoja na mstari wake.