Viashiria vya Mkazo wa Uoksidishaji katika Damu kama Dalili za Ukali wa Malaria: Mada kwa Semina ya Wataalamu wa Maabara

Maana ya mkazo wa uoksidishaji, tangu Helmut Sies alipoieleza mwaka 1985, si ngeni katika ukumbi huu, wala sina haja ya kuwarejesha kwenye malondialdehidi, ambayo ni mabaki ya mafuta ya utando wa chembe yaliyoharibika, au glutathioni, ambayo ni kinga ya chembe nyekundu. Yatosha kukumbuka kwamba kimelea cha malaria kikila himoglobini huacha himu yenye chuma, na chuma hicho huchochea uharibifu huo. Ndiyo maana hutarajiwa kwamba malondialdehidi ikipanda, maradhi nayo yamezidi.

Dhana hiyo si batili. Walakini adha ninayopambana nayo miaka mingi iko baina ya kitanda cha mtoto na friza. Damu iliyochotwa asubuhi, ikaachwa dirishani penye jua ilhali ufunguo wa chumba cha sentrifuji uko kwa mtu aliyekwenda mkutanoni, ikaja kuzungushwa baada ya adhuhuri, hutoa plazma yenye wekundu. Na kwa kuwa glutathioni iliyomo ndani ya chembe nyekundu huzidi ile ya plazma mara mamia, chembe chache zikipasuka kichupani hesabu yote huharibika. Kwenye fomu, saa ya kuchota damu haikuandikwa.

Fauka ya hayo, kipimo cha malondialdehidi kwa asidi ya thiobabituriki, tunachokipenda kwa wepesi wake, ambacho huchemshwa mpaka rangi ya waridi isomwe kwenye nanomita 532, hakibagui: huitikia aldehidi nyinginezo, sukari na hata bilirubini, na mtoto mwenye malaria kali huenda ana manjano na chembe zake zinapasuka mwilini. Basi yule aliye mahututi zaidi ndiye ambaye jibu lake haliaminiki. Hata isoprostani, viashiria vingine vya uharibifu wa mafuta vinavyosifiwa kwa haki, huzaliwa upya katika plazma iliyowekwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri.

Sina muradi wa kulaumu idara yoyote. Barua kuhusu kasoro hizi zimeandikwa, nasi tumeombwa subira. Lakini damu haina subira.

Kwa hiyo napendekeza saa ya kuchota na saa ya kuzungusha ziandikwe katika kila fomu; vichupa vikae kwenye barafu tangu wodini; plazma nyekundu ikataliwe, na kukataliwa kwake kuandikwe daftarini; friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri ipewe umeme wa akiba; ufunguo wa sentrifuji uwe kwa aliye zamu, si kwa mkubwa. Narudia habari ya saa, kwani bila hiyo mapendekezo mengine hayana msingi. Aidha, kila utafiti wa viashiria hivi upime pia laktati, ambayo hupimwa kitandani kwa tone moja, na ambayo Shirika la Afya Duniani limekwisha kuiweka miongoni mwa alama za malaria kali ikifika milimoli 5 kwa lita, ili tujue kama kiashiria kipya kinaongeza lolote. Narudia pia habari ya plazma nyekundu: ikataliwe, hata mtafiti akilalamika.

Maadamu hayo hayajatekelezwa, nawasihi msiruhusu malondialdehidi iandikwe kwenye faili la mgonjwa kuwa ithibati ya ukali wa maradhi, wala daktari asibadilishe dawa kwa ajili yake.