Mimea ya Ukingo kwa Tuta la Juani: Mazungumzo na Wanunuzi wa Miche wa Madibira



Tunazungumza leo juu ya miche ya maua inayopandwa ukingoni mwa tuta, mbele ya nyumba au kando ya njia ya kuingilia uani. Bei ya mche mmoja ni ndogo. Lakini tuta halijai kwa mche mmoja, na mwenye nyumba aliyenunua miche ishirini, ikanyauka yote kabla mpunga haujaisha kuvunwa, amepata hasara inayostahili kuzungumzwa mbele ya watu.

Chanzo cha hasara hiyo mara nyingi ni kitalu chenyewe. Mafinga ipo karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, penye baridi na ukungu. Madibira ipo katika uwanda wa Usangu, kwenye mita 1,000 hadi 1,100 hivi. Begonia au haidrenjia iliyostawi kule juu chini ya kivuli, ikinyweshwa asubuhi na jioni, humvutia kila apitaye. Ikiletwa hapa na kupandwa kwenye tuta linalopigwa na jua kutwa nzima, majani huungua kwa siku chache. Muuzaji hakudanganya, hakuulizwa. Basi mwulizeni: mche huu umekuzwa juani au kivulini? Ukikosa maji kwa siku nne, utakuwaje? Akiwahakikishia kwamba unastahimili jua kali, naye anajua kuwa haustahimili, jambo limekuwa jingine. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa, na malalamiko ya namna hiyo hupokewa na Tume ya Ushindani. Kwa sababu hiyo daini risiti, hata kwa miche.

Kabla ya kulipa, tazameni kiriba upande wa chini. Mizizi iliyotokeza na kujizungusha inaonyesha mche uliokaa kitaluni kupita kiasi. Pia msivutwe na mche uliochanua sana: wenye machipukizi mengi na maua machache hushika ardhi vizuri zaidi.

Sasa tuseme ni mimea ipi. Wa kwanza ni ule mfupi unaotambaa, wenye majani manene kama vijiti, uitwao kitaalamu Portulaca grandiflora. Maua yake hufunguka jua linapowaka na kujifumba jioni, na majani yake hujiwekea maji. Huu, kwa maoni yetu, ndio unaofaa kuliko yote kwa ukingo wa mbele, nao una faida ambayo muuzaji hatapenda tuitaje: kipande cha shina chenye urefu wa kidole, kikichomekwa ardhini, huota mizizi. Nunueni mche mmoja wa kila rangi, kisha muuzidishe wenyewe.

Mshubiri nao hustahimili ukame, mradi maji yasituame shinani. Mchaichai hushika udongo usimomonyoke na huingia kwenye chai, ila hukua ukafika kimo cha mita moja. Uwekeni nyuma, usije ukaufunika ukingo wote. Maua ya manjano na machungwa ya jamii ya Tagetes hufa baada ya miezi michache, lakini huacha mbegu za msimu ujao, na mizizi ya baadhi yake hupunguza minyoo fundo udongoni. Anayetaka kupanda nyanya hapo baadaye atanufaika.

Kuna mimea inayostahimili jua barabara, nasi hata hivyo tunasita kuisifu. Lantana hupendeza na haihitaji kubembelezwa, lakini huenea hadi malishoni, na majani yake huwadhuru ng'ombe na mbuzi wanaoyala. Katika eneo lenye mifugo mingi kama hili, hatuishauri kabisa. Utomvu mweupe wa mnyaa huumiza macho vibaya. Duranta, ile ya majani ya manjano inayokatwa kwa mkasi, huzaa vitunda vya rangi ya machungwa vyenye sumu, navyo huwavutia watoto. Vinka, ua la waridi au jeupe lenye asili ya Madagaska, hustawi hapa bila shida. Viwanda hutoa humo dawa za saratani, na kwa sababu hiyohiyo majani yake hayafai kuchemshwa na kunywewa nyumbani.

Suala la maji lina uzito wake hapa. Mto Ndembera, unaonywesha mashamba ya mpunga ya Madibira, huelekea Ihefu na kuchangia Ruaha Mkuu. Na tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Tuta moja la maua halikaushi mto. Hata hivyo, ndoo mbili kila jioni kuanzia Juni hadi Novemba zinabebwa na mtu, na kwa kawaida mtu huyo ni mama au binti wa nyumba.

Udongo mweusi wa mfinyanzi hupasuka kiangazi na kutuamisha maji wakati wa mvua. Inueni tuta kwa sentimita 15 au 20, mchanganye samadi iliyooza, kisha mtandaze mabua ya mpunga. Pumba za mashineni hupeperushwa na upepo. Matandazo yasiguse shina, maana mchwa hawako mbali.

Tuta lenye urefu wa mita sita, kwa nafasi ya sentimita 30, linahitaji miche 21 tu. Pandeni Desemba, mvua zikishashika, ili mizizi ipate kushuka kabla ya Mei.