Kipimo cha Jana Chaweza Kuua Leo

(Hotuba ya mhitimu wa shule yetu, mfamasia wa Serikali, mbele ya wahitimu na wanafunzi, Ngorongo)



Nimeombwa niseme machache juu ya dawa za kulevya. Wengi wamekwisha kulizungumza jambo hili, na mara nyingi kwa kukemea. Mimi kazi yangu ni dawa. Basi nitaeleza jinsi zinavyofanya kazi mwilini, maana asiyelijua hilo anaweza kumpoteza ndugu yake huku akidhani amemwokoa.

Heroini, ambayo mitaani huitwa unga, ilitoka dukani kabla ya kufika vichochoroni. Mwaka 1898 kampuni ya Bayer ya Ujerumani ilianza kuiuza kama dawa ya kikohozi. Jamaa zake, mofini na tramado, wamo hospitalini hata leo, nasi twashukuru, kwa kuwa hutuliza maumivu ya mgonjwa wa saratani na ya mtu aliyepasuliwa. Kinachotenga tiba na sumu ni kipimo, muda, na mgonjwa aliyeandikiwa. Vijana, kidonge alichoandikiwa baba kwa maumivu ya mgongo hakikuandikwa kwa ajili ya mtu wa kubeba mizigo, wala kwa mwanafunzi anayeogopa mtihani.

Yapo mambo matatu ambayo watu huyachanganya.

La kwanza ni mwili kuzoea. Sisi tuliokulia katika bonde la Rufiji twalijua dungu. Maji yakipanda mwaka hadi mwaka, mkulima huinua sakafu ya dungu lake. Ndivyo mwili ufanyavyo: dawa ikiingia kila siku, nao hujiinua, na kipimo cha mwanzo hakitoshi tena.

La pili ni utegemezi. Mwili uliozoea ukinyimwa dawa huasi: jasho, kutapika, kuharisha, maumivu ya mifupa, kukosa usingizi. Vijana huita arosto. Arosto ya unga hutesa sana, lakini mara nyingi haiui. Pombe na vidonge vya usingizi kama Valium ni jambo jingine: aliyevitumia kwa wingi na kwa muda mrefu akiviacha ghafula anaweza kupata degedege na kufa. Huyo apelekwe kwa daktari, apunguziwe polepole.

La tatu ni uraibu wenyewe. Hapo ubongo umebadilika, na mtu huitafuta dawa hata akiona inamvunjia nyumba. Huu ni ugonjwa, na fimbo haiutibu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikubali kusimama hapa. Kijana akiharibikiwa Dar es Salaam, ukoo humrudisha kijijini. Anafungiwa, anapita arosto, anakula, ananenepa, analima. Baada ya miezi miwili wazee wanasema amepona, anapewa nauli. Ndugu zangu, katika miezi hiyo miwili dungu limeshuka. Mwili umesahau dawa, lakini tamaa haikusahau. Akirudi kwa wenzake akatumia kipimo kile kile cha zamani, gharika ile ile inamkuta sakafu ikiwa chini. Pumzi hupungua, kisha hukoma. Ndiyo maana wengi hufa mara tu baada ya kutoka jela au kurudi mjini, ilhali nyumbani watu wamekwisha kushangilia.

Je, tufanye nini? Kwanza, tiba ipo. Mwezi Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni, na baadaye Mwananyamala, Temeke na mikoani. Methadoni hunywewa mbele ya mhudumu. Kipimo kimoja huzuia arosto kwa siku nzima bila kumlewesha mgonjwa aliyekwisha kupangiwa kipimo chake. Wako wanaosema ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Mtu anayekunywa dawa asubuhi kisha akaenda kazini hafanani na anayeamka kutafuta kete. Mgonjwa wa kisukari naye hunywa dawa kila siku, na hakuna anayemcheka.

Pili, anayetaka kurudi mjini aambiwe wazi, bila matusi, kwamba mwili wake si ule wa zamani.

Tatu, ukimkuta mtu haamki, anapumua kwa shida, midomo imebadilika rangi, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, usimmwagie maji wala kumnywesha maziwa. Mlaze ubavu, mkimbize hospitali, na useme ukweli alichotumia. Iko sindano ya naloksoni inayorudisha pumzi, lakini mganga hawezi kuitumia kwa wakati iwapo jamaa wanaficha kwa aibu.

Wahitimu wenzangu, katika koo zetu wamo vijana wa namna hii. Tusiwafiche, wala tusiwape nauli tu. Tuwasindikize mpaka kliniki.