Injini Nayo Hupumua

Ndugu zangu, mashine yetu ya kusaga inavuta hewa kama sisi. Ikivuta vumbi, silinda na ringi za pistoni zinalika. Hapo inakula oili, inatoa moshi wa buluu, nguvu zinapungua. Mwisho inasimama, na akina mama wanarudi kwenye kinu.

Basi tutunze chujio la hewa. Wakati wa vumbi tulitazame kila siku. Kama ni la bakuli la oili, zima injini kwanza. Mwaga oili chafu, osha bakuli na wavu kwa mafuta ya taa, kausha, tia oili safi mpaka kwenye alama. Usizidishe. Kama ni la karatasi, usilioshe. Likichafuka nunua jipya la injini ileile.

Jamani, tusiwashe injini bila chujio. Vumbi halipigi hodi.