Miaka Minane, na Miwili ya Hiari

Sifa njema zote anazistahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, jamaa zake na Masahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, na nyinyi mnaotusikiliza majumbani, leo twataka kusema juu ya jambo linalowashughulisha watumishi kila mwaka wa kazi unapokaribia kufungwa, nalo ni kupimwa utendaji wao. Katika utumishi wa umma wa Tanzania, zamani mkubwa wa kazi aliandika taarifa ya siri, na mtumishi hakujua kilichosemwa juu yake. Mwaka 2004 ukaanzishwa mfumo wa wazi, mkubwa na mdogo wakawa wanakubaliana malengo na kuyapima pamoja. Siku hizi kazi hiyo imehamia kwenye kompyuta. Chombo kimebadilika, lakini vijana wetu bado wanatuuliza swali lile lile: mtu akifanya zaidi ya alichoandikiwa, kisha akakieleza mbele ya mkubwa wake ili apate alama nzuri, je, hiyo si ria?

Swali hili si dogo. Anayeliuliza anachelea kupoteza thawabu zake, na huku anamwona mwenzake asiyechelea chochote akipandishwa cheo.

Turejee kisa cha Nabii Musa, amani iwe juu yake, katika Sura ya Al-Qasas. Alifika kwenye maji ya Madyan akiwa mkimbizi kutoka Misri, hana kazi wala mwenyeji. Akawakuta watu wananywesha wanyama wao, na kando wanawake wawili wanawazuia wa kwao. Alipowauliza, wakamjibu kuwa hawawezi kunywesha mpaka wachungaji waondoke, na baba yao ni mzee sana. Akawanyweshea. Hakutaja ujira, wala hakungoja asifiwe. Alijiendea kivulini, akamwelekea Mola wake kwa haja zake. Hakuna aliyemwandikia kazi ile. Aliiona haja, na nguvu alikuwa nazo.

Sifa ilikuja baadaye, tena kwa kinywa cha mwingine. Binti mmoja alimshauri baba yake amwajiri, kwani mbora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu na mwaminifu. (Wengi husema mzee yule ni Nabii Shuaib, Kurani yenyewe haikumtaja jina.) Basi mzee akaweka sharti: amwoze mmoja wa binti zake, naye amtumikie miaka minane, akitimiza kumi, hiyo ni hisani yake mwenyewe. Akaongeza kuwa hataki kumtaabisha.

Tazameni, ndugu zetu, jinsi mapatano yale yalivyopambanuliwa. Minane ni deni, na miwili ni hiari. Ibn Abbas, Mwenyezi Mungu awe radhi naye, alipoulizwa ni muda upi Musa aliutimiza, alijibu kuwa aliutimiza ule mrefu zaidi na ulio bora zaidi, kama ilivyopokewa katika Sahihi ya Bukhari. Lakini hapana njia ya kuifikia ile miwili ila kwa kupitia minane. Mwalimu anayesimamia michezo, akaandaa Maulidi ya shule, akaonekana katika kila kamati, na huku madaftari ya wanafunzi wake yamelala wiki tatu bila kusahihishwa, huyo anasali suna naye ameiacha faradhi. Tumewaona wengi wa namna hiyo, na wakubwa wao huwapenda.

Na wakubwa nao wana lao. Mzee wa Madyan hakuigeuza hiari kuwa lazima. Leo mtu akibaki ofisini saa mbili baada ya kazi mara moja kwa kumwauni mwenzake, wiki inayofuata anaamrishwa abaki kila siku, bila ya ujira, na akikataa anaandikwa kuwa hana moyo wa kazi. Huo ni udhalimu, hata ukipewa jina zuri.

Ama juu ya ria, jibu letu ni hili. Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, alimwambia mfalme amweke juu ya hazina za nchi, akajieleza kuwa yeye ni mlinzi mjuzi. Alisema kweli, tena mahali pa kusema, kwa jambo lenye manufaa ya watu. Basi kijana anapoulizwa katika tathmini amefanya nini mwaka huu, ajibu kwa kweli, asizidishe wala asifiche. Ria ni kuifanya kazi kwa kulitafuta jicho la mtu, jicho likiondoka na kazi ikome. Kila mtu anajijua moyoni mwake yuko upande upi.

Sisi wenyewe tuliwahi kuishika kalamu hiyo ya kupima, katika chuo kimoja. Alikuwepo karani ambaye kazi yake ilikuwa kupiga chapa na kutunza majalada. Paa la stoo lilipovuja wakati wa masika, alikuja siku ya mapumziko, akayatoa majalada yote ya wanafunzi, akayaanika na kuyapanga upya. Hakutumwa na mtu, nasi tulijua. Mwisho wa mwaka tulikuwa na karatasi nyingi mbele yetu, tukawapa watu wote alama moja ya katikati, kwa kukimbia maneno. Aliisoma yake, akatia sahihi, akanyamaza. Ilipopatikana nafasi moja ya kupandishwa daraja, karatasi ile haikuwa na neno la kumpambanua na wenzake, ikaenda kwa mwingine. Hapo ndipo tulipoikumbuka Sura ya Al-Mutaffifin, inayowaonya wapunjao vipimo, ambayo tulikuwa tukiisomesha miaka yote tukidhani inawahusu wenye maduka peke yao.

Tulimwendea kumtaka radhi, akatusamehe. Nafasi ilikuwa imekwisha kupita.

Tunasema haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atughufirie sisi na nyinyi. Basi mwombeni maghufira.