TULIKOTOKA
Nasaha za mmoja wa waanzilishi katika Jubilei ya Miaka 50 ya Kwaya



Nimeombwa niseme machache kuhusu tulikotoka. Tulipoanza kwaya hii hatukuwa na kinanda wala sare. Tulikuwa na ubao mmoja wa solfa na mwalimu aliyetutolea kila sauti kwa mdomo wake. Lakini kuimba kwetu hapa Freretown hakukuanza na sisi.

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Manowari za Kiingereza zilikuwa zikikamata majahazi, na waliookolewa hawakuwa na pa kwenda. Mwaka uliofuata Kasisi W. S. Price wa CMS alifika Mombasa, na kijiji kikaanzishwa hapa ng'ambo ya kisiwa. Kikapewa jina la Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyekuja kudai biashara ile ifungwe.

Mama yake bibi yangu alishushwa hapa akiwa mtoto. Bibi alitusimulia jioni akichambua mchicha: mamake hakulijua tena jina la kijiji chao, ila alibaki na wimbo mmoja aliokuwa akiimbiwa na mama yake. Uzeeni hata maana ya maneno ilimpotea. Aliuimba hivyo hivyo hadi kufa.

Wazee wale walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo. Hawakuwa na shangazi wala mjomba. Basi aliyeketi nawe benchi moja kanisani ndiye aliyekuwa shangazi yako. Binti alipoposwa, mahari ilipokelewa na mzee aliyekuja na babake katika jahazi moja. Undugu wetu ulijengwa hivyo, na hata leo tunazikana hivyo.

Shuleni tulipoulizwa kabila, wengi wetu tuliinamisha vichwa. Siku moja nilimwuliza baba nijibu nini. Akasema, "Waambie wewe ni mtoto wa Kengeleni." Kengele ile iliwaita wazee wetu kwenye sala, na iliwaonya majahazi ya watumwa yakikaribia. Ingali pale njia panda, na matatu zinaliita jina lake kutwa. Wangapi kati ya abiria wanajua iligongwa kwa ajili ya nani?

Vijana wangu, ninalo ombi moja. Tulioanzisha kwaya hii tumebaki watatu. Nyimbo zetu mmezirekodi, na tunawashukuru. Majina ya wazee bado hayajaandikwa. Mwalimu James Mbotela, mtoto wa wazee wale wale, alitutangulia kwa kitabu chake *Uhuru wa Watumwa* cha mwaka 1934. Nasi tufungue daftari la kwaya. Kila familia iandike: mzee wetu aliitwa nani, inasemekana alitoka wapi, nani alimlea. Anayekumbuka nusu aandike nusu. Njooni nyumbani kwangu wiki hii hii, chai ipo, nami nitawatajia ninaowakumbuka.

Mtu akikuuliza kabila, usiinamishe kichwa. Mwonyeshe daftari.

Mungu aibariki kwaya yetu miaka 50 mingine.